Mtoto akichora, nani anabaki na picha?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeombwa kuandika juu ya jambo moja ambalo limeleta maneno mengi kwenye kamati ya wazazi. Ni jambo la kuchora.

Habari yenyewe ni hii. Wasanii fulani kutoka mjini wameomba kuja kufanya kazi na wanafunzi wetu wakati wa likizo kubwa. Siyo kwamba wao watachora na watoto watatazama. Wanataka kuchora pamoja na watoto, kupiga foto pamoja, kufinyanga udongo pamoja, halafu kazi hiyo ionyeshwe hapa kambini kwanza, na baadaye ionyeshwe Bwiza, kwenye uwanja wa shule moja, ili watu wa mjini nao waone.

Wazazi wengine wamekubali mara moja. Wengine wamekataa, na hawakukataa bure. Wanakumbuka wageni waliofika hapa miaka ya nyuma. Walikaa siku tatu, watoto wakachora, picha zikatundikwa ukutani asubuhi, foto zikapigwa, na jioni picha zote zikaingia kwenye kartoni na gari likaondoka. Ukutani ilibaki misumari tu. Mpaka leo hakuna barua, hakuna foto, hakuna hata karatasi moja iliyorudi. Mama mmoja alisema kwenye mkutano kwamba mwanawe alichora nyumba yao ya zamani, na hadi sasa mtoto anaulizia ile nyumba ilikwenda wapi.

Hilo ni swali kubwa, na halijibiwi kwa kusema "sanaa ni nzuri". Kwa hiyo tumetafuta mifano ya kweli, ya karibu na ya mbali, tukaiweka hapa ili siku mtakapokutana muamue mkiwa mnajua.

MAONYESHO YA NAMNA HII NI NINI?

Maonyesho ya kawaida tunayajua. Msanii anachora kwake, anatundika kazi yake, watu wanakuja kuangalia na kurudi nyumbani. Haya tunayozungumzia ni tofauti. Hapa mwanafunzi ni mwenye kazi. Mgeni analeta ufundi na vifaa, mwenyeji analeta maisha yake na mikono yake. Kazi ikiisha, huwezi kusema hii ni ya mgeni peke yake au ya mtoto peke yake.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaona methali hizi mbili zinakwenda pamoja. Msanii akija kwetu tumkaribishe, na jembe tumpe. Alime pamoja na sisi, asije kuvuna tu.

BWIZA NI SHULE BILA MWALIMU

Wale ambao familia zao ziko Bwiza wanajua tunachosema. Bwiza iko katikati ya Bujumbura, jirani na Buyenzi, Nyakabiga na Rohero. Mitaa yake inaitwa kwa nambari, mtu anakuuliza unakaa avenyu ya ngapi. Ukitembea kuelekea Jabe utasikia Kiswahili, Kirundi na Kifaransa ndani ya sentensi moja, na hakuna anayeshangaa. Warundi wako, Wakongomani wako, na wakimbizi wengi wa mjini wamepanga vyumba huko.

Na macho nayo yanasoma. Kwa kinyozi kuna kichwa kimechorwa ukutani na staili zote za nywele. Kwa fundi wa redio kuna redio imechorwa. Duka la chakula lina chupa, samaki na mfuko wa unga kwenye mlango. Aliyechora mara nyingi ni kijana wa mtaa, na mtoto akipita anajua hii ni kazi ya nani. Hakuna anayeita hayo maonyesho, lakini ndiyo yenyewe! Kazi iko mahali watu wanapoishi, inasaidia mtu kupata wateja, na aliyeifanya anajulikana kwa jirani.

Basi tunapouliza kama kazi ya watoto wa kambi ipelekwe Bwiza, kwanza tujue kwamba tunaipeleka kwa watu wenye macho. Watauliza: nani amechora hii? Tukikosa jibu, ni aibu yetu.

PAA ZA KIBERA

Mfano wa kwanza uko Kenya. Mwezi wa kwanza mwaka 2009 msanii mmoja Mfaransa anayejiita JR alifika Kibera, ule mtaa mkubwa wa mabati wa Nairobi. Alikuwa anafanya kazi aliyoipa jina la Women Are Heroes, maana yake wanawake ni mashujaa. Alipiga foto za nyuso na macho ya wanawake wa Kibera wenyewe, akazichapa kubwa sana, na zikafunikwa juu ya paa za nyumba zao. Jumla ilikuwa mita za mraba 2,000 za paa. Reli inapita pale, kwa hiyo macho yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mteremko chini ya reli. Treni ikipita, kwa sekunde chache uso unakamilika.

Watu wa kambi tunajua swali litakalofuata. Mtu mwenye njaa atafanya nini na jicho kubwa juu ya paa? Jibu lake ndilo linatufanya tutaje Kibera. Foto hizo hazikuchapwa kwenye karatasi. Zilichapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, ili paa zisivuje mvua ikinyesha. Kumbe ilikuwa picha na shitingi kwa wakati mmoja! Sisi tunaoweka ndoo chini ya tundu usiku wa mvua tunaelewa thamani ya jambo hilo. Msanii alipata kazi yake, na mama alipata paa.

JR huyo huyo mwaka 2022 alifika kwenye kambi ya Mugombwa, kusini mwa Rwanda, wanakokaa wakimbizi wa Kongo. Foto ya mtoto mmoja wa kambi ilichapwa kwenye turubai kubwa mno, watu wa kambi wakaishika pembeni, wakaitembeza, na ikapigwa foto kutoka juu. Mwaka 2023 kazi hiyo ilionyeshwa Turin, Italia, pamoja na ya watoto wa kambi nyingine. Turubai la namna hiyo mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Watu wakiachia, picha inaanguka. Kwa hiyo kwenye kazi ile, watu walioshika pembeni nao ni sehemu ya picha.

WATOTO WALIPOSHIKA KAMERA

Mfano wa pili uko karibu zaidi, upande wa Gisenyi. Bibi mmoja Mmarekani, Rosamond Carr, aliyekuwa ameishi Rwanda miaka mingi, alianzisha mwaka 1994 kituo cha watoto yatima kilichoitwa Imbabazi. Mwaka 2000 mpiga foto David Jiranek alifika pale. Badala ya kuwapiga foto watoto, aliwapa wao kamera, zile za bei ndogo za kutumia mara moja. Watoto walikuwa wa miaka 8 hadi 18.

Wageni wengi wangetegemea machozi. Watoto wale walikuwa wamepoteza wazazi wao katika mauaji ya 1994 na taabu zilizofuata. Lakini wao walipiga foto za marafiki zao, za maisha yao ya kila siku, za mambo waliyoyapenda. Tena tazameni utaratibu: foto zilisafishwa hapo hapo karibu, zikatundikwa kwanza kwenye kuta za kituo chenyewe, na watoto wakaziweka kwenye albamu zao. Baada ya mwaka mmoja ndipo zikaonyeshwa Kigali, kwenye ubalozi wa Marekani, na pesa iliyopatikana ikaenda kwenye masomo ya watoto hao. Mwaka 2001 foto iliyopigwa na msichana wa miaka 8 ilipata zawadi ya kwanza kwenye shindano la gazeti la Camera Arts la Marekani.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, mtoto ndiye anayejua anataka kuonyesha nini. La pili, picha ilianza nyumbani kabla ya kusafiri. Wageni wa Kigali waliona baada ya wenyewe kuona.

Mfano unaofanana na huo ulitokea katika kambi ya Kawergosk, kaskazini mwa Iraki, wanakokaa wakimbizi wa Siria. Mpiga foto Reza, mzaliwa wa Irani anayeishi Ufaransa, alifundisha watoto wa kambi kupiga foto. Msichana mmoja alichelewa darasani. Alipofika alionyesha foto ya viatu vyake vimefunikwa na barafu ya usiku: hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuchelewa. Mwaka 2015 foto za watoto wa kambi hiyo zilionyeshwa Paris, kwenye ukingo wa mto Seine. Sisi walimu tumeijadili sana foto ile ya viatu. Mwalimu angeweza kumpigia kelele yule mtoto kwa kuchelewa. Foto moja ilieleza yote, na yeye hakuhitaji kulia mbele ya wenzake.

MICHORO INAYOSEMA MAMBO MAZITO

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Wazazi wanaogopa, na wana haki, kwamba mtoto atachora vita.

Mwezi wa pili mwaka 2005 watafiti wa shirika la Human Rights Watch walikuwa kwenye kambi za wakimbizi wa Darfur, huko mpakani mwa Chadi na Sudani. Walipokuwa wanazungumza na watu wazima waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi ili wasichoke kungoja. Hawakuwaambia wachore nini. Watoto wakachora ndege zinazotupa mabomu, watu wenye bunduki juu ya farasi na ngamia, nyumba zinawaka moto. Michoro hiyo ilionyeshwa nchi nyingi. Mwaka 2007 shirika la Uingereza linaloitwa Waging Peace lilikusanya michoro mingine kama 500 kwenye kambi za Chadi, na ikapelekwa mpaka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ikapokelewa kama ushahidi wa kueleza hali ilivyokuwa.

Kwa hiyo mchoro wa mtoto siyo mchezo. Unaweza kusimama mbele ya mahakimu. Na kwa sababu hiyo hiyo unahitaji ulinzi. Mtoto akichora jambo zito, mwalimu asimsimamishe mbele ya darasa aeleze. Asimwambie mgeni "njoo uone huyu". Akae naye pembeni, amsikilize kama anataka kusema, na baadaye aende kwa mhudumu wa jamii wa kambi. Mchoro huo hautundikwi mpaka mtoto na mzazi wakubali. Na kumlazimisha mtoto achore vita ili wageni waguswe ni dhambi nyingine kabisa. Mtoto akitaka kuchora kuku, tumwachie achore kuku wake.

Kuna historia nyingine ya zamani zaidi ambayo kila mwalimu angepaswa kuijua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi waliwafungia Wayahudi katika mji wa Terezín, nchi ambayo leo inaitwa Cheki. Mwalimu na msanii Friedl Dicker-Brandeis, mzaliwa wa Vienna, alipelekwa pale mwezi wa 12 mwaka 1942. Akawafundisha watoto kuchora, mahali ambapo hata karatasi ilikuwa taabu. Aliwaambia waandike majina yao kwenye kazi zao. Mwezi wa 10 mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Kabla ya hapo michoro ilifichwa ndani ya valizi mbili. Baada ya vita valizi hizo zikafikishwa Prague, zikiwa na michoro karibu 4,500, na leo inatunzwa kwenye Jumba la Makumbusho la Wayahudi la mji huo. Wengi wa watoto wale hawakupona. Lakini kwa sababu waliandika majina, mtu akitazama mchoro leo anajua ni nani aliyeshika penseli.

Ndiyo maana yule mama aliyeuliza juu ya nyumba ya mwanawe hakuuliza jambo dogo.

WAGENI WANAPOONDOKA

Swali letu la mwisho: mgeni akirudi kwake, nini kinabaki?

Huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru ambaye hakusoma sana, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za bei ndogo, zile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya mbao laini za dari. Alifundisha vijana wachache, ndugu na marafiki. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Kazi haikufa. Wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha wengine, wakaunda ushirika, na mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Mwalimu alikaa nao miaka michache tu, lakini ufundi ulibaki mikononi mwa wengi.

Huko Nairobi, kwenye mitaa ya mabanda ya Mukuru, vijana wa hapo hapo walianzisha Wajukuu Art Project mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanachora na kuchonga, na wanafundisha watoto wa mtaa. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta. Mlango wa jumba lile la Wazungu waliujengea njia ya mabati, kama nyumba za mtaani kwao na kama nyumba ya Kimasai. Mtu akitaka kuingia, lazima apite kwenye mabati! Mwaka huo huo walipewa tuzo ya Arnold Bode. Watu wanaodharau mabati wafikiri tena.

Goma nako, tangu 2002, kuna kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo. Vijana wanajifunza filamu, muziki na dansi, na wasanii wa nje wakija wanawakuta vijana wana kazi zao tayari. Na huko Uganda, kwenye makazi ya Bidi Bidi wanakokaa ndugu zetu wa Sudani Kusini, shirika la Artolution, lililoanzishwa na Wamarekani Max Frieder na Joel Bergner, linawafundisha wakimbizi wenyewe wawe wasanii na walimu. Mgeni akienda, mwalimu bado yuko, kwa sababu mwalimu ni jirani yako.

MASWALI TULIYOULIZWA NA WAZAZI

Je, masomo hayataharibika? Kazi itafanyika likizo, siyo saa za hesabu. Na tukubaliane kwamba mtoto anayepima ukuta, anayegawanya karatasi sawa sawa, anayeandika maelezo chini ya picha yake kwa Kiswahili na Kifaransa, huyo bado anasoma.

Dini yetu hairuhusu kuchora viumbe, tufanye nini? Wazazi Waislamu kadhaa wametuuliza hivyo, na tunaheshimu. Sanaa siyo nyuso tu. Kuna mapambo ya mistari na pembe, kuna maandishi mazuri, kuna ususi. Jirani zetu Wanyarwanda wana imigongo, mapambo yanayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, halafu yanapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hakuna uso hata mmoja, na watu wanatoka mbali kuyanunua. Mtoto wa namna hiyo apewe kazi hiyo, na asichekwe.

Mtoto wangu hajui kuchora. Atafanya nini? Maonyesho yanahitaji wa kukata karatasi, wa kufunga kamba, wa kuandika majina, wa kupokea wageni na kueleza. Tumeona watoto wasiosema darasani wanasema sana wakiwa wamesimama kando ya kitu walichokitengeneza.

Na wasichana? Mara nyingi wao ndio wanaokosa, kwa sababu maji, kuni na wadogo zao vinawangoja. Tunaomba akina mama na akina baba: saa mbili kwa siku, ndugu yake wa kiume achukue ndoo. Hatakufa.

Vifaa ni ghali, tutatoa wapi? Makaa yanachora. Udongo tuko nao, na mafundi wa vyungu wako katika nchi hii tangu zamani. Gundi inatengenezwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Shitingi iliyochakaa inageuka ukuta wa kutundikia, kwa kamba na vibanio vya nguo. Picha zitundikwe kwa urefu wa macho ya mtoto, mtu mzima ainame kidogo, si vibaya.

MASHARTI TUNAYOPENDEKEZA

Sisi walimu hatusemi kubalini tu, wala hatusemi kataeni. Tunasema tuweke masharti, yaandikwe, na wasanii watie saini kabla ya mtoto hata mmoja kushika penseli.

1. Mtoto anachagua mwenyewe anachora nini. Hakuna wa kumwambia "chora vita".

2. Kila kazi ina jina. Mbele ya watu liwekwe jina la kwanza tu au jina la utani ambalo mtoto amelipenda, kwa sababu wengine kati yetu tuna watu wanaotutafuta kwa ubaya. Jina kamili linakaa kwetu.

3. Kuwe na kaye moja ya shule. Kila kazi inapewa nambari, na kwenye kaye inaandikwa: ya nani, imetoka lini, imekwenda wapi, itarudi lini, nani ameichukua. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Maonyesho ya kwanza ni hapa kambini, wazazi wawe wa kwanza kuona. Bwiza inafuata. Kwingine kote, tuulizwe upya.

5. Karatasi ya ruhusa iwe kwa lugha anayoelewa mzazi, na isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Mtoto naye aulizwe. Mmoja wao akibadilisha mawazo, kazi inashushwa, bila maswali mengi.

6. Ikipigwa foto ya mchoro, nakala ibaki shuleni. Kazi ikiuzwa, bei itajwe mbele ya kamati na pesa iende kwa mtoto na shule, kama walivyofanya wale wa Imbabazi.

7. Vifaa vinavyobaki ni vya shule, na angalau watu wawili wa hapa wafundishwe ufundi mpaka waweze kuendelea peke yao. Hilo ndilo jembe letu kwa mgeni.

Kuna mtu atasema masharti haya yatawafukuza wasanii. Sisi hatufikiri hivyo. Msanii mwenye nia njema hawezi kukimbia kwa sababu ya kaye na biki. Atakayekimbia, heri akimbie mapema, kabla kartoni halijajaa.

MKUTANO NA KAMATI

Wazazi wapendwa, uamuzi ni wenu. Mkutano wa kamati utafanyika shuleni kabla ya likizo, siku itatangazwa kwa kipaza sauti kama kawaida. Ndugu wa Bwiza, ninyi tunawaomba jambo moja: kama maonyesho yatafika kwenu, njooni, leteni watoto wenu, na msimame mbele ya kila kazi msome jina lililo chini yake. Watoto wa mjini na watoto wa kambi wakishika pembe za turubai moja, hawatasahauliana kirahisi.

Kabla ya mkutano, kila mzazi amuulize mwanawe jioni ya leo: ukipewa karatasi moja tu, utachora nini? Msimjibie. Ngojeni aseme mwenyewe. Majibu mtuletee shuleni, tutayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye mpya, maana kaye yenyewe tumeshainunua.



Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.